Goti moja, maumivu mawili: Safari ya elimu ya hemofilia kufika Nyegina

*Wagonjwa wa hemofilia hufundishwa kuogopa kila maumivu. Wataalamu wa maumivu sugu wanafundisha kinyume chake. Katika vijiji vya Musoma, ambako dawa iko mbali, mafundisho hayo mawili yanagongana juu ya goti la mtoto.*

Ni saa mbili usiku na duka la dawa muhimu linakaribia kufungwa. Mama anafika dirishani, kanga begani, anaeleza kwamba mtoto amevimba goti tangu mchana na halali. Muuzaji hana sababu ya kusita. Dawa ya uvimbe ipo: diklofenaki, kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula. Mama analipa, anarudi nyumbani, anabandika maji jikoni ili amkande mwanawe.

Jambo la namna hii halimshangazi mtu yeyote katika vijiji vya Mkoa wa Mara, na mara nyingi haliishii pabaya. Mtoto aliteguka mpirani au shambani. Baada ya siku chache anakimbia tena. Lakini yuko mmoja kati ya maelfu ambaye kwake kila kilichofanyika jioni ile kilikuwa kinyume. Diklofenaki inazizuia chembe sahani za damu zisishikamane. Maji ya moto yanapanua mishipa. Mkono unaokanda unaichokoza damu iliyokuwa ikitafuta kutulia.

Mtoto huyo ana hemofilia, na pengine hakuna mtu nyumbani kwao aliyewahi kulisikia jina hilo.

Hesabu ya Mara

Nyegina ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, nje kidogo ya mji. Wengi wanaijua kwa misheni yake ya Kikatoliki iliyoanza mwaka 1911, na kwa sababu ndiko alikobatizwa Mwalimu Nyerere mwaka 1943. Wakazi wake wanalima mihogo na mtama, wanavua, wengine wanafanya kazi mjini Musoma na kurudi jioni. Bunda na Butiama haziko mbali.

Hemofilia ni ugonjwa wa kurithi. Mwili unakosa, au unatengeneza kwa uchache mno, mojawapo ya protini zinazogandisha damu. Madaktari huziita fakta: anayekosa fakta namba 8 ana hemofilia A, anayekosa namba 9 ana hemofilia B. Mgonjwa hatoki damu kwa kasi kuliko mwingine, kama wengi wanavyodhani. Hutoka kwa muda mrefu, na kwa aliye na ugonjwa mkali damu huanza ndani ya mwili bila hata kujigonga.

Makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 yanaweka wagonjwa wapatao 21 katika kila wanaume 100,000. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Mara na watu 2,372,015, wanaume wakiwa takriban milioni moja na laki moja. Ukizidisha, unapata zaidi ya wagonjwa 200. Kwa Tanzania nzima, hesabu hiyohiyo inatoa zaidi ya 6,000.

Ni makadirio ya karatasi, na yanadhani kwamba wote wanaishi. Walioandikishwa kliniki ni sehemu ndogo tu ya hao. Waliobaki wako majumbani wakiitwa majina mengine: mwenye baridi yabisi, mwenye miguu mibovu, aliyerogwa, mvivu. Wengine walifariki walipotahiriwa au baada ya kung'olewa jino, na hakuna aliyejua sababu.

Damu inavyokula kiungo

Kati ya kila mara kumi mgonjwa anapovuja damu, saba hadi nane huvuja ndani ya viungo. Magoti, vifundo vya miguu na viwiko ndivyo vinavyoathirika zaidi.

Damu ikiingia kwenye kiungo haitoki kirahisi. Chuma kilichomo ndani yake hubaki na kukera utando wa ndani. Utando unavimba, unaota mishipa mipya iliyo laini, na mishipa hiyo hupasuka kwa urahisi kuliko ya awali. Damu ya leo inaandaa damu ya mwezi ujao. Kiungo kikivuja mara tatu au zaidi ndani ya miezi sita, wataalamu wanakihesabu kuwa kimeshalengwa. Baada ya miaka gegedu limelika, mfupa unasagana na mfupa, na kijana wa miaka 18 anatembea kama babu yake.

Hapo ndipo yanapozaliwa maumivu ya pili. Ya kwanza ni ya damu: yanakuja ghafla na yanahitaji fakta haraka. Ya pili ni ya kiungo kilichokwisha kuharibika: yapo kila siku, damu iwepo isiwepo, na fakta haiyaondoi.

Kwa mgonjwa yote mawili yanauma palepale.

> *Damu ya leo inaandaa damu ya mwezi ujao.*

Maumivu mawili, maagizo mawili

Kwa miaka mingi fundisho kuu la hemofilia limekuwa moja: ukiwa na shaka, tibu. Ukisikia kiungo kinawashawasha kwa ndani, kinajaa, kinapata joto, usingoje uvimbe uonekane. Choma fakta kwanza, maswali baadaye. Fundisho hili limeokoa viungo vingi, hasa katika nchi ambako dawa imo kwenye friji ya nyumbani.

Upande wa pili wako wataalamu wa maumivu sugu. Mwaka 2003 Waaustralia wawili, David Butler na Lorimer Moseley, walichapisha kitabu kilichobadilisha namna fiziotherapia inavyofundisha maumivu. Hoja yao ni kwamba maumivu ni king'ora cha ubongo. King'ora kikilia miaka mingi hulegea, kikaanza kulia hata pasipo hatari. Mgonjwa akielewa hivyo hofu hupungua, anathubutu kutembea, misuli inarudi, na maumivu yenyewe yanashuka. Watafiti wa Hispania, akiwemo Rubén Cuesta-Barriuso, wamejaribu kuunganisha elimu ya namna hiyo na mazoezi ya nyumbani kwa watu wenye hemofilia ambao viungo vyao vimeharibika, na wameona nafuu katika namna wagonjwa wanavyoishi na kuutazama ugonjwa wao. Majaribio hayo yalikuwa ya vikundi vidogo.

Sasa yalete mafundisho yote mawili Nyegina. Moja linasema kila maumivu ni hatari mpaka ithibitike vinginevyo. Lingine linasema maumivu si lazima yawe madhara. Kijana akilishika la kwanza peke yake, atalala kitandani nusu ya mwaka na paja lake litakonda. Akilishika la pili peke yake, siku moja atatembea juu ya goti linalovuja akidhani ni king'ora kimelegea.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kiini cha suala lote, na ndipo vipeperushi vingi vinapopapita haraka. Kitu cha kwanza cha kumfundisha mgonjwa na mama yake ni kutenganisha maumivu mawili. Mengine yote yanasimama juu ya hilo.

Zipo alama. Maumivu ya damu huanza ndani ya saa chache, huongezeka hata mtu akiwa amepumzika, ngozi hupata joto, na goti hukataa kukunjuka kama lilivyokunjuka jana. Maumivu ya kiungo kilicholika huwa makali asubuhi mtu anapoanza kusimama, hulegea akishatembea kidogo, hurudi baada ya kazi nzito, na hayaleti joto jipya. Uzi wa kushonea unatosha kuwa kipimo: zungusha kwenye goti siku lisipouma, funga fundo, weka kando. Siku linapouma, zungusha tena. Fundo lisipofika, kuna kilichoongezeka ndani.

Hata hivyo alama hudanganya. Utafiti wa San Diego, Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, uliwapima kwa altrasaundi wagonjwa wa hemofilia waliokuwa na maumivu ya viungo, na ukaonyesha kwamba wagonjwa na madaktari wao hukosea mara nyingi wanapokisia kama kuna damu au hakuna. Kama wenye hospitali kubwa hukosea, mama wa Nyegina hawezi kudaiwa uhakika. Anachoweza kufundishwa ni mwelekeo wa kukosea: akishindwa kutofautisha, ahesabu ni damu, mtoto asiukanyagie mguu huo, safari ianze.

Barafu, maji ya moto na chale

Kukanda kwa maji ya moto ni tiba ya kwanza katika nyumba nyingi, na si ujinga. Kwa goti la zamani lililokakamaa asubuhi, kitambaa cha uvuguvugu kinasaidia kweli. Tatizo ni kukitumia kitambaa hichohicho siku ya damu. Elimu inayomwambia bibi kwamba kukanda ni vibaya, nukta, itapuuzwa, kwa sababu bibi ameshaona kukanda kukisaidia. Inayomwambia lini, itasikilizwa.

Barafu nayo ina mjadala wake. Ushauri wa miaka mingi ni kupumzisha kiungo, kukiwekea barafu, kukifunga bandeji na kukiinua. Siku hizi wapo wanaohoji barafu, wakisema baridi inapunguza kasi ya damu kuganda, jambo ambalo mwenye hemofilia halihitaji. Mwongozo wa Shirikisho la Hemofilia Duniani wa mwaka 2020 haujaitupa: barafu ndani ya kitambaa, dakika 15 hadi 20, kila baada ya saa nne hadi sita, zaidi kwa ajili ya kupunguza maumivu. Kando ya Ziwa Victoria barafu si kitu kigeni; wavuvi wa sangara hutoka nayo mwaloni. Isipopatikana, hakuna kilichoharibika. Kupumzisha na kuinua mguu hakuhitaji friji.

Chale hazina mjadala. Kumchanja mwenye hemofilia juu ya goti ili damu mbaya itoke ni kumfungulia jeraha asiloweza kulifunga. Sindano ya matako vivyo hivyo, hata ikichomwa na nesi mwenye cheti, kwa sababu inaweza kujaza damu kwenye msuli mzima.

Kwenye vidonge, parasetamoli kwa dozi ya umri na uzito ndiyo ya kuanzia. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zikae mbali, isipokuwa daktari wa damu aseme vinginevyo. Aspirini ni mbaya zaidi, maana athari yake kwa chembe sahani hudumu wiki nzima au zaidi, na imejificha ndani ya vidonge vya maumivu vinavyouzwa kwa majina ya kibiashara vikiwa vimechanganywa na parasetamoli. Ndiyo maana nadhani mwanafunzi wa pili wa elimu hii, baada ya mama, ni muuzaji wa duka la dawa muhimu. Mfumo wa maduka hayo ulioanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 ulijengwa juu ya kuwafundisha wauzaji. Swali moja la nyongeza dirishani, "mtoto huyu akijikata huwa damu inachukua muda kukata?", halimgharimu kitu.

Pumzika, ila kwa siku ngapi?

Mama mwenye huruma humwekea mtoto kanga iliyokunjwa chini ya goti. Goti likikunjwa kidogo huuma kidogo. Siku ya kwanza inafaa. Siku ya kumi misuli ya nyuma ya paja imefupika na mguu haunyooki tena. Kuunyoosha kutahitaji miezi ya fiziotherapia, pengine plasta baada ya plasta. Ulemavu mwingi wa hemofilia unatokana na mkunjo wa namna hii ulioachwa.

Mazoezi yanayofaa ni ya kawaida kabisa. Mtoto akae kwenye kigoda, anyooshe goti taratibu kadiri linavyokubali, akaze paja, ahesabu mpaka tano, ashushe. Aanze damu ikishatulia, maumivu na uvimbe vikiwa vimeshuka, na aendelee miezi yote ambayo hakuna kinachouma. Misuli ya paja yenye nguvu hulinda goti.

Vitabu vingi vinasifu kuogelea kuliko mchezo mwingine wowote, maana maji hubeba uzito wa mwili. Walioviandika hawakuwa wakilifikiria Ziwa Victoria na kichocho chake. Mwelimishaji anayerudia ushauri huo Nyegina bila kufikiri anaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Mchakamchaka

Shule ndiyo mahali ambapo maumivu sugu huonekana kama tabia mbaya. Mtoto aliyevuja damu anachechemea, kila mtu anamhurumia. Mtoto mwenye kiungo kilicholika anachechemea asubuhi, saa nne ameshanyooka na anacheza. Mwalimu wa zamu aliyemwona akikwepa mchakamchaka anahitimisha kwamba anajifanya.

Adhabu ya kupiga magoti kwenye changarawe inaumiza mtoto yeyote. Kwa huyu inaweza kuanzisha damu itakayomweka nyumbani mwezi mzima, na akikosa masomo mwezi mzima mara tatu kwa mwaka, darasa linamwacha. Mwenye viungo vibovu ndiye anayehitaji zaidi cheti kitakachompatia kazi ya kukaa kuliko kazi ya jembe. Barua moja kutoka kliniki, yenye mistari michache kuhusu mtoto afanye nini na asifanye nini, ikikaa kwa mwalimu mkuu, inafanya kazi kubwa kuliko bango ukutani.

Nyumbani kuna lawama nyingine. Jeni ya hemofilia hupita kwa mama, kwa hiyo familia ya mume huona ugonjwa umeletwa na mke. Kweli, mama mbebaji ana uwezekano wa nusu kwa nusu kumrithisha kila mtoto wa kiume. Lakini takriban theluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote katika ukoo. Jeni imebadilika yenyewe. Na baba mwenye hemofilia hamrithishi mwanawe wa kiume, bali mabinti zake wote huwa wabebaji. Elimu inayotolewa kwa akina mama peke yao kliniki inawarudisha kwenye ukumbi wa familia bila shahidi.

> *Barua moja kwa mwalimu mkuu inafanya kazi kubwa kuliko bango ukutani.*

Elimu kwanza au dawa kwanza?

Huu ndio ubishi mkubwa. Wanaosema dawa kwanza wana historia upande wao. Huko Malmö, Sweden, tangu mwaka 1958, Inga Marie Nilsson na wenzake waliwapa watoto fakta kabla hawajavuja, na watoto hao wakakua na viungo vizima. Tafiti za India na China zimeonyesha kwamba hata dozi ndogo, kama uniti 10 kwa kilo mara mbili kwa wiki, hupunguza kuvuja sana kuliko kungoja mtu avuje ndipo atibiwe. Kumfundisha mtu kuvumilia goti ambalo dawa ingelilinda, wanasema, ni kumfundisha kukubali kunyimwa.

Wana haki. Na majaribio ya Hispania niliyoyataja yalifanyika katika nchi ambayo fakta inapatikana. Elimu ilikuja juu ya dawa.

Wa upande wa elimu wanajibu kwa jiografia. Kliniki ya hemofilia ya Muhimbili, jijini Dar es Salaam, ndiyo kongwe, na huduma zimesogezwa hadi hospitali za kanda, ikiwemo Bugando jijini Mwanza. Kutoka Musoma hadi Mwanza ni kilomita zipatazo 220 kupitia Bunda na Lamadi. Fakta namba 8 ikishachomwa hupungua nusu ndani ya saa 8 hadi 12, kwa hiyo dozi moja haitoshi. Sehemu kubwa ya dawa katika nchi kama yetu ni msaada wa Shirikisho la Hemofilia Duniani, ambalo mpango wake wa misaada ulianza mwaka 1996 na kupanuliwa mwaka 2015. Msaada hauji kila mwezi kwa kiasi kilekile. Na dawa, hata ikimiminika kesho, haitakirudisha kiungo kilicholika tayari.

Dawa mpya ya emisizumabu, inayochomwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki hadi mara moja kwa wiki nne, imepunguza makali ya ubishi huu kwa wenye hemofilia A kokote inakofika. Bei yake inaurudisha palepale.

Njia iliyokwisha kupitiwa

Tanzania imewahi kuifikisha elimu ya afya kijijini kwa kishindo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: redio, kitabu kidogo na kiongozi wa kikundi aliyefundishwa. Viongozi wapatao 75,000 waliandaliwa, na watu kama milioni mbili wakakaa kwenye vikundi kusikiliza, kujadili na kuamua la kufanya. Katika vikundi hivyo mkulima hakulazimika kungoja daktari afike kijijini ndipo mjadala uanze.

Hemofilia ni ugonjwa wa wachache, haiwezi kupata kampeni yake yenyewe. Lakini Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Ukurasa mmoja ndani ya mafunzo yao ungetosha: mtoto wa kiume anayevimba viungo mara kwa mara au aliyevuja sana alipotahiriwa, asikandwe, asichanjwe, asipewe diklofenaki, apelekwe kupimwa. Parokia kama Nyegina ina jumuiya ndogondogo zinazokutana nyumba kwa nyumba. Anayetaka kuufikisha ukoo mzima kwa pamoja, wakiwemo akina baba, aanzie huko.

Swali gumu litakuja elimu ikifanikiwa. Mama aliyefundishwa hatangoja siku tatu. Ndani ya saa mbili atakuwa na mwanawe juu ya bodaboda kuelekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa, akiwa na uzi wake wenye fundo na daftari la tarehe ambazo mtoto alivuja. Atauliza kama fakta ipo. Akiambiwa mara mbili aende Mwanza, mara ya tatu atarudi kwenye maji ya moto, na hakuna kipeperushi kitakachomzuia.

Kuweka chupa chache za akiba katika hospitali ya mkoa si ndoto. Fakta hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, kiwango kilekile cha chanjo, na mnyororo baridi wa chanjo unafika mpaka zahanati. Kanuni hazipendi chanjo ichanganywe na dawa nyingine ndani ya friji moja, kwa hiyo itahitajika friji ya pili, au rafu ndani ya friji ya benki ya damu ya hospitali. Atahitajika pia nesi mmoja kila zamu anayejua kuichanganya na kuichoma kwenye mshipa, na simu ya kumfikia mtaalamu wa Bugando usiku. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Kama kifurushi chake kitafika hadi kwenye chupa hizo ni jambo ambalo wabunge wa Mara wanaweza kulisimamia kwenye bajeti ijayo.